Nyuki wanapungua ila majana yamejaa, je nimuue malkia?

Msomaji kaandika hivi, nimelifupisha kidogo: "Niliingiza kundi la nyuki lililohama kwenye mzinga mtupu wa fremu 10 (zile mbao ambazo nyuki wanajengea sega). Siku ile walikuwa wanafunika fremu 6. Leo siku ya 20 nimefungua, wanafunika fremu 4 tu, ila majana (yani mayai, mabuu na pupa) yapo kwenye fremu 3 na malkia nimemwona kwa macho yangu. Jamaa mmoja mfugaji ananiambia malkia kachoka, nimuue wajitengenezee mwingine. Nifanyeje? Na hivi buu anachukua muda gani mpaka awe nyuki kamili?"

Usimuue. Nalisema hilo kwanza kabla ya maelezo yote manake najua mtu akishaambiwa malkia mbovu mkono unawasha, na hili ni kosa ambalo hulirudishi nyuma. Kwa ulivyoeleza, kundi lako liko sawa kabisa na malkia wako anafanya kazi, na lile swali lako la mwisho ambalo umeliweka kama nyongeza ndo lenye jibu la hayo yote ya juu.

Twende na hesabu. Nyuki kibarua, yani hawa majike wanaofanya kazi zote mzingani, anachukua siku 21 toka yai linatagwa mpaka anatoka kwenye kichumba chake. Siku 3 yai, siku kama 6 buu lililo wazi, halafu siku 12 hivi chini ya mfuniko wa nta. Nyuki wa Afrika wanawahi kwa siku moja au mbili, ila shika 21 kama kipimo. Sasa wewe umewaingiza kwenye mzinga mtupu, hamna sega hata moja, kwa hiyo kwanza walianza kujenga, malkia akaanza kutaga siku ya pili au ya tatu pale vichumba vilipofika hata nusu ya kimo (hasubiri viishe, akipata kina kidogo tu anataga). Yai la kwanza kabisa la siku ya 2 linatoa nyuki siku ya 23. Leo kwako ni siku ya 20. Maana yake hakuna nyuki hata mmoja mpya aliyezaliwa humo ndani toka umewaweka, wote unaowaona ni walewale waliokuja na kundi, na wao wanazeeka na kufa kila siku, tena wanafia huko nje wakiwa kazini ndo maana huoni maiti mlangoni. Wangewezaje kuongezeka?

Kila kundi linaloanzia kwenye mzinga mtupu linapita hapo, linashuka wiki 3 za mwanzo na kidogo zaidi, halafu linapanda. Huyo jamaa yako hajakosea kuona wamepungua, kakosea kumlaumu malkia kwa kitu ambacho hana uwezo nacho.

Sasa tuingie kwenye kichumba chenyewe, manake ukijua kusoma sega huhitaji tena mtu wa kukuambia malkia yukoje.

Yai lina urefu wa milimita 1.5 hivi, jeupe, jembamba, limegandishwa kwa ncha moja chini kabisa katikati ya kichumba. Ili ulione, simama jua likiwa nyuma ya bega lako, inamisha fremu mpaka mwanga uingie moja kwa moja mpaka sakafu ya kichumba. Wafugaji wengi wanasoma umri wake kwa jinsi lilivyokaa, siku ya kwanza limesimama wima, ya pili limeinama, ya tatu limelala. Ukiona mayai yaliyosimama basi malkia alikuwepo hapo ndani ya siku moja iliyopita, hata kama hujamwona, na hii inakuokoa kumtafuta fremu nzima huku nyuki wanapata baridi au wanachafukwa.

Siku ya 3 ikiisha yai linapasuka, anatoka buu ambaye siku ya kwanza utamkosa kabisa, unachokiona ni kale ka maziwa kanakong'aa chini ya kichumba na yeye kajikunja humo. Hayo maziwa yanatoka kwenye tezi za kichwani za vibarua wadogo, walezi. Na hapa ndo pa kushangaza jamani, buu huyu anaongezeka uzito zaidi ya mara 1,000 ndani ya siku kama 5 na nusu tu. Anavua ngozi kila baada ya saa 24 hivi manake ile ya jana imeshambana. Walezi wanaingiza kichwa kumwangalia mamia ya mara kwa siku, sio kila mara wanamlisha, mara nyingine wanakagua tu halafu wanaenda zao. Siku 3 za mwanzo analishwa maziwa hayo, baada ya hapo chakula kinabadilika, kinaingia asali na chavua. Buu mzima anatakiwa awe mweupe wa kung'aa, kajikunja vizuri, pingili zinaonekana, na kalowa kwenye chakula. Mwenye rangi ya njano au kahawia, aliyejinyonga vibaya au aliyekauka, hapo kuna tatizo la ugonjwa au njaa.

Muda wote huo wa kula buu hapati choo, tumbo lake halijaungana na njia ya kutolea, kwa hiyo kichumba na chakula vinabaki safi. Anamaliza kula, vibarua wanamfunika, ndo anatoa uchafu wote kwa mara moja, anausukumia chini na kujisokotea kifuko cha hariri juu yake. Kile kifuko hakitoki. Kila kizazi kinaacha chake, ndo maana sega lililolelea majana linaanza jeupe, linageuka kahawia na mwisho linakuwa jeusi, na vichumba vinapungua ukubwa kidogo kidogo. Masega meusi sana yaondoe taratibu, usiyatunze miaka na miaka.

Mfuniko wa majana sio sawa na wa asali. Wa majana ni wa kahawia hafifu, umetuna kidogo tu, ukiugusa ni mkavu na una vitundu vidogovidogo vya kupitisha hewa manake huyo aliye ndani anapumua. Wa asali ni mweupeupe, umebana. Chini ya ule mfuniko buu ananyooka, anageuka pupa, na ukifungua kimoja kwa ncha ya kisu (kimoja tu, usiwe na tamaa) utajua umri wake kwa macho, yanaanza meupe, yanakuwa ya pinki, zambarau, mwisho kahawia nzito kama ya nyuki mkubwa, mwili nao unaanza kukolea rangi. Halafu anatafuna mfuniko mwenyewe, zinatokea antena kwanza, kichwa, anajisukuma anatoka. Anakuwa mlaini, wa kijivu, manyoya yamelala, hajui kuruka na hawezi kukuchoma. Kama hujawahi kumwona anatoka, kaa na fremu yenye majana yaliyokomaa dakika chache tu, utaona wawili watatu, na naamini hutaisahau.

Joto nalo lazima nilisemee manake linakuhusu wewe moja kwa moja. Majana yanakua vizuri kwenye nyuzi 34 mpaka 36 za Selsiasi, na nyuki wanashikilia hapohapo usiku na mchana. Kukiwa na baridi wanatetemesha misuli ya mabawa bila kupiga mabawa yenyewe na kubandika kifua juu ya mfuniko, wengine wanaingia kwenye vichumba vitupu vilivyopo katikati ya majana na kupasha majirani wa pande zote. Kukiwa na joto kali wanaleta maji, wanayasambaza na kupepea. Pupa aliyekulia kwenye joto pungufu anaweza kutoka akionekana mzima lakini akawa dhaifu kwenye kujifunza njia na kutafuta chakula. Wewe sasa hivi una nyuki wa fremu 4 wanaolinda majana ya fremu 3, hawana ziada. Kwa hiyo usizitenganishe hizo fremu za majana kuweka fremu tupu katikati eti wapate nafasi, na usikae mzinga umefunguliwa muda mrefu kwenye hali ya baridi au upepo. Vichumba vitupu vichache katikati ya majana navyo visikutie hofu, ni kawaida.

Turudi kwa malkia, tumpime kwa haki. Yai linakaa siku 3, buu wazi siku 6, lililofunikwa siku 12. Kwa hiyo malkia anayetaga kwa kasi ileile, ukihesabu sega lake unapata fungu moja la mayai, mawili ya mabuu, manne ya yaliyofunikwa. Kwako yeye ana siku 18 tu za kutaga, mayai ya siku 3, mabuu ya siku 6, yaliyofunikwa ya siku 9, basi tegemea moja kwa mbili kwa tatu. Ukikuta mayai na mabuu yamezidi hapo, kasi inapanda, vizuri sana. Ukikuta yaliyofunikwa ni mengi ila mayai ni ya kutafuta, hapo ndo kitu kimetokea ndani ya wiki moja iliyopita, ama malkia kapotea au kachoka, ama chakula kimekata.

Fremu ya Langstroth (aina ya mzinga wa boksi wenye fremu za kuchomoa) ya kina kirefu ikijengwa yote ina vichumba kama 7,000 kwa pande mbili. Tuseme zako 3 zimejaa majana nusu tu, ni kama 10,000, na nusu yake ndo imefunikwa. Hao 5,000 wote watatoka ndani ya siku 12 zijazo, wastani wa 400 kwa siku na zaidi. Nyuki waliobanana vizuri kwenye fremu pande zote ni kama 2,000, kwa hiyo ulianza na 12,000 hivi sasa una 8,000, ulikuwa unapoteza kama 200 kwa siku. Wanaoingia watazidi wanaotoka mara mbili. Hizi ni namba za kukadiria ila mwelekeo wake hauna utata.

Na kwanini ametaga kama 550 tu kwa siku wakati inasemwa malkia anafika 1,500 au 2,000? Manake malkia hatagi kwa uwezo wake, anataga kwa uwezo wa kundi. Anahitaji vichumba vilivyosafishwa, walezi wa kutosha na chavua inayoingia. Chavua ikikata vibarua wanapunguza kumlisha, anapunguza kutaga, na njaa ikizidi wanakula mayai na mabuu wadogo ili kuokoa wakubwa. Watu wanaua malkia wazuri kila msimu kwa sababu ya njaa tu.

Sasa tuseme ungemsikiliza jamaa yako. Unamuua leo. Vibarua wanagundua ndani ya masaa, wanachagua mabuu wa chini ya siku 3, wanawatanulia kichumba kikaning'inia kama ganda la karanga na kuwalisha maziwa ya malkia kwa wingi mwanzo mpaka mwisho. Yai la malkia na la kibarua ni moja, tofauti inaanzia kwenye malezi, ndo maana buu aliyezidi umri hafai tena kwa kazi hiyo. Malkia anahitaji siku 16 toka yai, na kwa kuwa wameanza na buu mdogo atatoka baada ya siku 12 hivi. Anahitaji tena karibu wiki akomae, hali ya hewa iwe nzuri, aende kupandwa angani na madume 10 au zaidi, arudi salama bila kuliwa na ndege, akae siku chache ndo atage. Hapo ni siku ya 25 au zaidi, na kibarua wake wa kwanza anatoka karibu siku ya 46. Wakati majana ya mwisho ya malkia wa zamani yalishaisha kutoka siku ya 21. Ni karibu mwezi mzima hakuna anayezaliwa, kwenye kundi ambalo tayari limepungua. Makundi mengi ya hivyo hayafiki.

Wakitoka salama hapo walipo, usitegemee asali mapema. Nyuki mpya anaanza kusafisha vichumba, anakula chavua kwa wingi, tezi zake zinakomaa anakuwa mlezi mpaka kama siku ya 12, baadaye anatoa nta chini ya tumbo na kujenga, anapokea utomvu wa maua toka kwa wanaoingia nao, analinda mlango, na karibu wiki ya 3 ndo anatoka kuchuma. Alasiri utawaona wadogo wanaelea mbele ya mzinga wameuangalia, wanajifunza sura ya nyumbani, watu wanadhani wanataka kuhama. Ratiba hii sio sheria ya kukata na shoka, kundi likikosa walezi, wazee wanarudi kulea na tezi zao zinafanya kazi upya, likikosa wachumaji, wadogo wanatoka kabla ya wakati. Hao 8,000 wako wa sasa wamekuwa wakifanya hivyo, wamelea katika umri ambao kawaida wangekuwa mashambani, na kwa kweli nawaonea huruma. Kibarua wa msimu wa kazi anaishi wiki 6 hivi tu, mabawa yanachakaa. Kwa hiyo wiki ya 5 toka uwaweke utaona wanajaa, wachumaji wa kizazi kipya ni kuanzia wiki ya 6 au 7, hapo ndo ufikirie kuongeza boksi la juu. Kwa sasa punguza nafasi, bana mlango kidogo wamudu kulinda, na kama nje hakuna maua wape maji ya sukari.

Madume je? Wao wanatoka kwenye mayai yasiyorutubishwa, padri Jan Dzierzon alilieleza hilo mwaka 1845 na watu wakambishia sana. Malkia anapima kichumba kwa miguu ya mbele, kipana anataga yai la dume, chembamba la kibarua. Dume anachukua siku 24 na mfuniko wake umevimba juu waziwazi. Wachache pembeni na chini ya sega ni kawaida. Lakini ukikuta hivyo vifuniko vilivyovimba vimetapakaa katikati kwenye vichumba vyembamba vya vibarua, malkia kaishiwa mbegu au hakupandwa vizuri. Na ukikuta mayai mawili matatu kwenye kichumba kimoja, yamebandikwa kwenye kuta, hao ni vibarua wanaotaga, malkia hayupo muda mrefu. Kumbuka tu malkia mpya anayeanza anaweza kuweka mawili mawili siku chache, ila ya kwake yanakuwa chini kwenye sakafu. Hizo ndo dalili za kumhukumu malkia, wewe hujataja hata moja.

Viangalie pia vifuniko, vilivyobonyea, vyenye matobo, vyenye rangi ya kulowa au harufu mbaya ni ugonjwa na lazima umwite mtu wa nyuki aje akague. Nyuki wanaotoka na mabawa yaliyokunjamana ni alama ya utitiri wa varoa, ambao mama yake anajipenyeza kwenye kichumba muda mfupi kabla hakijafunikwa na kuzalia humo juu ya pupa, na wanapenda zaidi vya madume kwa kuwa vinakaa vimefunikwa siku nyingi zaidi.

Acha mzinga mpaka siku ya 32 hivi, fungua mchana wenye joto, dakika chache. Unatakiwa ukute nyuki wa kijivu wenye manyoya wengi juu ya fremu za katikati, na vile vichumba vya mwanzo vimeshatoka nyuki na vina mayai tena. Ikiwa bado wanashuka na vifuniko ni vilevile vya leo, chomoa fremu ya katikati, piga picha kwa karibu pande zote mbili jua likiwa nyuma ya bega lako, nitumie pamoja na tarehe ya siku uliyowaingiza, tutaihesabu upya kwa pamoja.